Kutoa 22R na kufunga 3L kwenye Hilux ya zamani: wewe nakushauri usifanye

Mkuu, umeuliza kama utoe 22R ya petroli inayokula oili kwenye Hilux yako ya 1993 na kufunga 3L ya dizeli, na umesema gari inakwenda shamba wikiendi na kubeba mbolea msimu ukifika. Mimi nimefanya hivyohivyo kwenye pikapu ninayobebea vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni, napandisha mlima wa Kitonga mpaka Iringa mjini, na nimeridhika nayo kabisa. Ila kwa matumizi uliyoeleza, fungua hiyo 22R uitengeneze, uendelee nayo.

Kwanza hela. Wengi bado wanaamini dizeli ni rahisi. Angalia bei kikomo za mafuta za EWURA, mamlaka ya nishati na maji, zinazotoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi: tofauti huwa ndogo, na kuna miezi dizeli inakuwa juu ya petroli. Akiba inatoka kwenye lita tu, na lita zinategemea unatembea kiasi gani ukiwa na mzigo. Gari yangu ilikuwa inakwenda kama kilomita 7 kwa lita ya petroli ikiwa imejaa, sasa inacheza kwenye 10. Ukitembea kilomita 1,500 kwa mwezi, unatoka lita 214 unaingia 150. Lita 64 hizo, tukikadiria shilingi 3,000 kwa lita, ni 192,000. Kazi nzima ikikuchukua milioni saba, hela inarudi baada ya miaka mitatu. Mimi natembea zaidi ya mara mbili ya hapo, ndiyo maana imenilipa. Kwa kilomita kama 500 za shamba kwa mwezi utasubiri miaka tisa, na ndani ya miaka tisa injini ya mtumba nayo itakuwa imedai ya kwake.

Mbio usitegemee. 3L ni lita 2.8 bila tabo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini), nguvu yake ni kama farasi 90, na 22R inaizidi kidogo. Ninachokipata ni mvuto wa chini: Kitonga inapanda taratibu kwenye gia ndogo bila kulia. Na kwa kuwa Iringa iko juu ya mita 1,500, hewa nyepesi inaibana injini isiyo na tabo. Fundi akifungulia pampu ya dizeli sana ili "ipate nguvu", utapata moshi mweusi tu.

Kama bado moyo wako uko kwenye dizeli, shika jambo hili moja kuliko yote: usinunue injini, nunua seti. Toyota waliuza bodi hilo na injini zote mbili. Kwenye namba ya chesisi, RN ni ya petroli za R na LN ni ya dizeli za L. Kila kitu unachohitaji kilishatengenezwa kiwandani na kipo kwenye LN, kwa hiyo tafuta iliyokatwa au iliyopata ajali, uchukue injini na giaboksi yake (uso wa giaboksi ya 22R haukutani na wa 3L), mauntini na mabano yake, rejeta, chujio la dizeli lenye kitenga maji, bomba la kurudisha mafuta kwenye tenki, rilei ya plagi za kupasha moto, na waya zake. Ukiambiwa "hii ya Haisi ni ileile", ni 3L kweli, lakini sampu (bakuli la oili chini ya injini) na mauntini havikai sawa na vya Hilux, na hapo ndipo uchomeleaji unapoanza. 1KZ-TE, dizeli nyingine ya Toyota, usiiguse kwa gari kama yako: pampu yake inatawaliwa na kompyuta, na silinda hedi zake zinajulikana kwa kupasuka.

Kuna kifaa nataka ukisimamie mwenyewe gereji. Injini ya petroli inatengeneza vakyumu (nguvu ya kufyonza hewa) kwenye manifoldi, yaani njia ya kuingizia hewa, na hiyo ndiyo inayosaidia breki. Dizeli haina. Kwenye 3L kuna pampu ndogo ya vakyumu nyuma ya oltaneta. Nimeona gari imefungwa oltaneta ya kawaida kwa sababu ilipatikana kwa bei nzuri: injini inawaka, betri inachaji, kila mtu anafurahi, lakini pedali ya breki ni ngumu na inataka mguu mzima. Mtu anashuka nayo Kitonga akiwa na mzigo. Tafadhali sana, hilo lisifanyike kwenye gari yako.

Siku ya kununua, ikute injini ikiwa baridi. Iwashe, fungua mfuniko wa oili. Ikipumua kwa nguvu, ondoka. Beliti ya taimingi badilisha kabla ya kuifunga hata ukiapiwa ni mpya, kwa sababu ikikatika valvu zinagonga pistoni. Dai risiti yenye namba ya injini, kisha nenda TRA mapema, maana kadi ya gari ina namba ya injini na aina ya mafuta, na bima ikija kukagua baada ya ajali itaangalia hapohapo.

Lakini kabla ya yote hayo, hebu tujue 22R yako inaumwa nini. Moshi wa bluu ukitoka asubuhi unapowasha kisha ukaisha, mara nyingi ni sili za valvu, kazi isiyohitaji hata kutoa injini. Ukitoka unapopandisha na mzigo, hapo ni ringi za pistoni, na utahitaji karakana ya kuchonga silinda. Pima kompresheni (mgandamizo wa hewa) silinda zote nne, uandike hapa namba zake na moshi unatoka wakati gani.