Amelilia Chapati Iliyokatwa

SWALI: Shikamoo Bibi. Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na miezi miwili. Juzi asubuhi nilimkatia chapati vipande viwili ili ipoe upesi. Kuona imekatwa, akajitupa chini na kugonga kichwa sakafuni. Nikampa nyingine nzima, akairusha. Karibu nusu saa ilipita, kazini nikachelewa. Baba yake anasema namdekeza, achapwe. Kuongea pia bado: ana “maji”, “taka”, “toka” na mengine machache, hajaunganisha mawili. Mama mkwe tunaishi naye, humsemesha Kisambaa, sisi Kiswahili, katuni za kwenye simu ni za Kiingereza. Jirani anasema tunamchanganya, tena akatwe kimeo ndipo ataongea. Nifanyeje? – Mama wa Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Nisamehe, nimeanza kwa kucheka, maana chapati yako imenikumbusha paka wangu. Nilifundisha chekechea Tanga miaka 31. Siku moja nilichora paka ubaoni, kengele ilipolia nikamfuta. Mtoto mmoja akaangua kilio hadi akatapika. Nikachora paka mwingine, mzuri kuliko yule. Akamtazama, akasema neno moja tu: “Siye.” Akaendelea kulia.

Chapati ya pili nayo siyo. Mwanao alishaiona kichwani ile ya kwanza, ya duara, ataishikaje na ataianzia wapi. Wewe ukapitisha kisu. Angekuwa na neno “nzima” angekuzuia mapema. Hakuwa nalo, ndiyo maana kichwa kikaenda sakafuni.

Kwa hiyo neno hilo mpe kabla ya kisu. Kesho ishike chapati mbele yake umuulize: “Nzima, au nikate?” Usubiri. Hata akionyesha kwa kidole, amejibu. Akishaanza kulia usimuulize chochote. “Una nini? Unataka nini?” ni maswali ya mtu mwenye pumzi, naye hana. Weka kiganja chini ya kichwa chake, mwambie kwa sauti ya chini: “Ulitaka nzima. Umekasirika.” Basi, nyamaza. Kilio kina mwisho wake. Chapati nyingine usilete.

Halafu, Waswahili tuna maneno mengi ya moyo wa mtoto: kununa, kususa, kuzira, kudeka, kuona wivu. Tunayatumia vipi? Tunamsema mtoto kwa jirani, yeye yupo hapohapo: “Mwone, kanuna huyo!” Watu wanacheka. Neno lilikuwa lake, tukaligeuza kuwa kichekesho. Mwambie yeye mwenyewe, bila mzaha: “Umenuna kwa sababu baba ameondoka.”

Baba yake mpe salamu zangu. Akichapwa anaweza kunyamaza, lakini “nzima” atakuwa bado hajaijua, na atakuwa amejifunza kwamba mwenye hasira hupiga. Atakayepigwa ni mdogo wake.

Sasa maneno. Mama mkwe aendelee na Kisambaa chake, asipunguze hata kidogo. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto. Darasani kwangu waliteremka watoto kutoka Lushoto na Bumbuli wakijua Kisambaa tu, na baada ya muda wakawa wanatania kwa Kiswahili kunishinda. Ila hesabu sawasawa: kaa na mama mkwe, mwandike maneno yote ya mtoto, ya kwako na ya kwake. Huenda ni mengi kuliko unavyodhani.

Tena Kiswahili chetu hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja. “Nimekikata” kina mtu, wakati, kitu na tendo. Mtoto huokota mkia kwanza, ndiyo hiyo “taka” yako. Usimlazimishe arudie. Mjibu kwa neno lililokamilika: “Unataka maji? Haya, maji haya.” Utakaposikia “nataka”, jua kipande cha mbele kimeanza kuingia.

Simu ndiyo nisiyoipenda. Katuni inaongea, lakini mtoto akisema “gari” haimjibu “naam, gari jekundu limepita.” Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa miaka miwili asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na ikipungua ni vizuri zaidi.

Kimeo, hapana. Hapana kabisa! Ni kinyama cha kooni, hakijafunga ulimi wa mtu. Ukikikata utaleta damu na maambukizi. Badala yake chukua kadi yake uende kliniki, kwa sababu mtoto aliyepita miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili kwa lugha yoyote anastahili kuangaliwa. Omba wapime masikio. Kabla ya hapo, simama nyuma yake asipokuona, umwite kwa sauti ndogo. Amewahi kutoka usaha sikioni? Waeleze. Na kama haonyeshi vitu kwa kidole, hageuki akiitwa, au maneno aliyokuwa nayo yanapotea, usingoje mwezi ujao, nenda wiki hii.

Siku atakayosema “nzima” niandikie. Na usishangae kama siku hiyohiyo atalilia nusu.