Lure au entice kwenye ubao wa hoteli?

Lure hapana, ingawa maneno haya mawili ya Kiingereza yote yana maana ya kumvuta mtu. Ukiandika “we lure our guests with fresh octopus” kwenye ubao wa hoteli Nungwi, Zanzibar, mgeni atasoma kwamba mnamrubuni. Lure ina harufu ya mtego: ilianza kwa wafuga kozi (ndege wa kuwindia) wa Ulaya, waliozungusha kishada cha manyoya kwenye kamba ili ndege arudi, na hadi leo chambo bandia cha samaki huitwa hivyo hivyo. Papasi, yule dalali wa mitaani anayemvuta mgeni mpaka duka asilolikusudia, hiyo ndiyo lure hasa. Mara nyingi hufuatwa na mahali: lured into a shop, lured away from the group.

Entice ni kushawishi kwa kitu cha kutamanisha, kwa wema au kwa ubaya. Sema entice them to stay au entice them into staying. “Entice for” ni kosa, ingawa nalikuta kila mara.

Magazeti huandika lure investors bila ubaya wowote, ila hiyo ni lugha ya vichwa vya habari. Kwenye ubao wako, “fresh octopus daily” inatosha.