Kabla Hujanunua Sindano ya Tatu

Msomaji wa Ujiji ametuandikia kuhusu pleya ya santuri aina ya Garrard ya marehemu baba yake, ile ya kupanga santuri juu kwa juu zikadondoka moja moja. Amekwisha kubadilisha sindano mara mbili. Sauti bado ni nyembamba na inatokea mbali, wimbo unayumba, na mkono wa sindano ukifika mwisho wa santuri haurudi. Fundi aliyeitazama amesema mota imekufa na anataka pesa ya mota nyingine. Ndugu yetu anauliza: alipie mota, au ajikusanye anunue sindano ya almasi ya bei kubwa zaidi?

Asinunue kitu kwanza. Mota inayozunguka haijafa. Hapo kuna magonjwa matatu kwenye mashine moja. Kuyumba kunatoka kwenye raba na mafuta yaliyokauka. Mkono kutorudi ni grisi iliyoganda. Sauti nyembamba ni katriji, yaani kile kidude ambacho sindano inachomekwa, na hapo nitakaa kwa muda maana ndipo watu wa mwambao wa ziwa wanapomwaga hela bure.

Anza na umeme, pleya ikiwa imechomolewa ukutani. Kama waya una ganda la raba na ukiukunja unapasuka, weka mpya, na ndani ya plagi weka fyuzi ya ampea 3, si ile ya 13 inayokuja nayo kutoka dukani. Karibu na swichi utakuta kapasita ndogo ya kuzuia cheche. Zile za zamani za karatasi hupasuka ganda, hunyonya unyevu, na siku moja hutoa moshi unaonuka nyumba nzima. Weka ya aina ya X2 ya volti 275, iliyotengenezwa ikae kwenye umeme wa ukutani, yenye mikrofaradi zilezile zilizoandikwa kwenye ya zamani. Usikubali kuuziwa ya kawaida ya redio kwa sababu tu imeandikwa volti 400. Hizo ni volti za DC, na kapasita hiyo haikutengenezwa ikae kwenye umeme wa ukutani.

Halafu soma kibandiko cha chini. Pleya za Marekani ni za volti 117 hivi na hezi 60, yaani umeme unaopanda na kushuka mara 60 kwa sekunde. Wenye nazo hununua transfoma, kisha wanashangaa mwimbaji amekuwa na sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini. Transfoma inashusha volti, lakini hezi zinabaki 50 zetu, na mota za aina hii hufuata hezi. Santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika itazunguka chini ya 28. Dawa ni puli ya mota iliyo nene mara 1.2 ya ile ya mwanzo katika ngazi zake zote, na fundi wa kukereza vyuma anaweza kuitoa kwenye shaba njano. Pleya ya Technics SL-1200MK2 haina tabu hiyo, kasi yake inaongozwa na fuwele ya kwatsi ndani yake, si hezi za ukutani. Yenyewe inataka volti sahihi tu. Wanaotumia sola waangalie inveta yao: ile ya bei rahisi ya wimbi la ngazi ngazi huifanya mota ya zamani ingurume na kupata moto. Tafuta ya wimbi safi, au subiri umeme wa TANESCO.

Sasa grisi. Katikati ya sahani, kwenye mhimili, kuna klipu ndogo ya chuma. Ifunike kwa kitambaa unapoitoa, kwa sababu huruka na hutaiona tena. Nyanyua sahani moja kwa moja juu. Chini yake kuna beringi ya vigololi katikati ya washa mbili. Ipige picha kwa simu kabla hujaigusa, maana ikirudishwa bila mpangilio wake sahani itakwaruza chini. Utaona pia gia kubwa inayoendesha mkono, imejaa kitu cha kahawia kigumu. Hiyo ilikuwa grisi. Ikwangue kwa kijiti cha mti, futa kwa kitambaa chenye spiriti, kisha paka grisi mpya nyembamba kwenye njia zinazosuguana, na si kwenye meno yote. Vumbi la Tabora la kuanzia Juni hadi mvua za Novemba likikutana na grisi nyingi linageuka msasa.

Juu ya gia hiyo kuna ulimi mdogo wa chuma, mwepesi kiasi kwamba ukiupuliza unacheza. Huo ndio unaohisi kwamba mkono umefika mwisho na kuiamuru gia izunguke. Usiupake mafuta hata tone. Unafanya kazi kwa msuguano mdogo sana, na mafuta yakikauka yanaushika, mkono unabaki unazungukia kwenye karatasi ya katikati mpaka asubuhi. Usafishe kwa spiriti, uache mkavu. Mafundi wengi hupulizia dawa ya kulainisha mashine nzima kwa mara moja, siku hiyo inafanya kazi vizuri, mteja analipa na kuondoka, na baada ya miezi michache hali ni mbaya kuliko mwanzo. Nasema kwa uchungu kidogo: pleya nyingi zilizovunjwa zikauzwa shaba kwa kilo hazikuwa na ubovu zaidi ya huu.

Mota yenyewe ifungue. Weka alama kwa kalamu pande zote mbili ili zirudi zilivyokuwa. Bushi za juu na chini zimezungukwa na kitambaa kinene cha felti kilichokuwa kimelowa mafuta. Safisha mhimili hadi ung'ae, kisha tia matone 2 au 3 ya oili nyepesi kwenye kila felti. Ya cherehani inafaa ingawa huisha mapema. Oili ya gari ina dawa za kusafishia injini ambazo hazitakiwi hapa, na mafuta ya kula yanageuka gundi. Unapofunga, kaza skrubu kidogo kidogo kwa zamu huku ukizungusha mhimili kwa vidole. Ukisikia umekuwa mzito, legeza, gongagonga pembeni kwa mpini wa bisibisi, anza tena. Mota iliyokaa sawa ukiizima huendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa kabla ya kusimama. Ikisimama papo hapo, bushi hazijanyooka.

Gurudumu la raba linalogusa ukingo wa ndani wa sahani ndilo linaloyumbisha nyimbo. Raba ikikaa muda mrefu inang'aa na kuteleza. Ifute kwa spiriti, futa puli ya mota na ukingo wa sahani pia, kisha usivishike kwa vidole, kwa sababu jasho nalo ni mafuta. Kama bado inateleza, washa mota bila sahani na uguse raba kwa msasa laini namba 400 kwa sekunde chache. Tone moja la oili kwenye kimhimili cha gurudumu, si zaidi. Ukisikia dundo la kujirudia haraka, haraka kuliko mzunguko wa santuri, raba ina kishimo. Kishimo kinatokea mashine ikizimwa ukutani, au umeme ukikatika, wakati swichi ya pleya bado imewashwa: gurudumu linabaki limebanwa kwenye puli siku nzima au mwaka mzima. Kwa hiyo umeme ukienda katikati ya wimbo, inuka uzime pleya kwa swichi yake mwenyewe. Kishimo kidogo husawazika baada ya saa kadhaa za kuzunguka. Kikubwa hakitibiki, tafuta gurudumu jingine.

Kasi ipime santuri ikiwa inapiga, sindano ikiwa juu yake. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, uhesabu: kwenye 33⅓ inapaswa kupita mara 100 kwa dakika 3 kamili. Kwenye 45, mara 45 kwa dakika moja. Ukikosa mzunguko mmoja katika 100, sikio la kawaida halitagundua. Ukikosa sita, wimbo umeshuka karibu nusu sauti, na mwenye gitaa atakayejaribu kuufuata atadhani wapigaji wa Tabora Jazz au Nyanyembe Jazz hawakujua kutyuni. Karatasi yenye vistari 180 kwa ajili ya 33⅓, ambavyo huonekana vimesimama kasi ikiwa sawa, nayo ni nzuri, lakini inahitaji taa inayopepesa kwa hezi 50 za gridi; balbu nyingi za LED hazipepesi vya kutosha, na inveta yenyewe huenda haitoi 50 kamili.

Turudi Ujiji, kwenye sauti nyembamba. Pleya za aina hii zilikuja na katriji za kristali au za seramiki. Kristali ni chumvi ya Rochelle, na chumvi hiyo inanyonya unyevu na haipendi joto. Kandokando ya Ziwa Tanganyika, ndani ya nyumba ya bati, haiponi. Inakufa polepole: besi inaondoka kwanza, kisha nguvu. Badilisha sindano kumi, sauti itabaki vilevile, kwa sababu sindano inatikisa kitu kilichooza. Seramiki inavumilia zaidi.

Kuhakikisha ni rahisi. Chukua simu, iunganishe kwa waya kwenye tundu lilelile la amplifaya ambalo pleya inachomekwa. Simu ikipiga wimbo kwa sauti nene, amplifaya na spika ni nzima. Kisha angalia vile vibanio vinne vya waya nyuma ya katriji, kwa sababu kutu ya kijani hapo huleta dalili zilezile. Visafishe, vibane kidogo kwa koleo ndogo, jaribu tena. Bila mabadiliko, katriji imekwisha.

Mahali pake weka seramiki mpya. Hizo bado zinatengenezwa, na hutoa mamia ya milivolti, kwa hiyo redio ya zamani itaipokea bila kuongezewa kitu. Ila ukiichomeka kwenye spika za kisasa besi itapotea, maana seramiki inataka mahali pa kuingilia penye ukinzani wa megaomu 1 hivi; fundi akuwekee kisaketi kidogo cha FET, aina ya transista, katikati. Uzito wa sindano uwe ule wa kwenye karatasi yake, kwa kawaida gramu 3 hadi 5. Upime kwa mizani ya sonara, usikisie kwa kidole.

Wengi watakushauri uweke katriji ya sumaku, kama Audio-Technica AT-VM95E. Ni katriji nzuri sana, mahali pake. Inataka gramu 2, na mkono wa pleya ya kudondosha santuri una misuguano mingi mno, hauwezi kubeba sindano kwa uzito huo bila kuruka. Inatoa milivolti 4 tu, kwa hiyo lazima iwe na kikuza sauti cha fono chenye urekebishaji wa RIAA, yaani ule wa kusawazisha sauti za santuri, na kipokeo cha kiloomu 47. Urekebishaji huo unanyanyua besi, na pamoja na besi unanyanyua mngurumo wote wa gurudumu la raba na mota. Utatumia pesa nyingi kusikiliza mota.

Katriji ya sumaku iweke kwenye mashine yenye mkono mwepesi wenye uzito wa kurekebisha nyuma: Thorens TD 160, Dual 1219, Lenco L75, Technics SL-1200. Nazo zina tabu zake. Lenco ina vitalu vidogo vya raba vilivyochongwa kama V, mkono umekalia hapo; vikioza mkono unalegea, badilisha kabla ya kugusa kitu kingine. Dual ina kiraba kidogo kama punje ndani ya mitambo yake, kikiliwa mkono hauendi unakotakiwa, na kipande cha raba ya valvu ya baiskeli kinaziba pengo hilo bila shida. Rangi za waya kwa kawaida ni hizi: nyeupe na bluu upande wa kushoto, nyekundu na kijani upande wa kulia, bluu na kijani zikiwa hasi. Usilehemu kwenye pini za katriji. Joto linaiua. Tumia vibanio. Pangilia sindano kwa karatasi ya vipimo yenye nukta mbili, milimita 66 na 121 kutoka katikati, iliyochapwa bila kupunguzwa. Ukisikia mngurumo wa hezi 50 usioisha, waya wa ethi kutoka kwenye chasisi haujafika kwenye skrubu ya amplifaya.

Kama unataka kuboresha Garrard yako kweli, pesa iende kwenye sanduku. Makabati mengi ya zamani ni mbao laini zenye kulia kama ngoma. Tabora tuna mninga, mbao iliyotulia isiyopinda ovyo. Sanduku la ubao wa milimita 20 au zaidi, juu ya miguu ya raba, linakata mngurumo kuliko kifaa chochote cha dukani. Lipake nta ya nyuki. Spika usiziweke juu ya meza moja na pleya.

Santuri zenyewe zioshe kwa maji yaliyokenekwa na tone la sabuni ya vyombo. Yale ya kuongezea betri yanafaa, lakini soma chupa, usije ukamwaga asidi juu ya santuri ya bendi ya Kiko Kids. Spiriti kidogo ndani ya maji inakubalika kwa santuri za plastiki. Kwa zile nzito za 78 ni mwiko, kwani zimetengenezwa kwa utomvu wa shelaki na spiriti inauyeyusha. Za 78 zinataka pia sindano yake nene ya mikroni 75 hivi, huku za 33 na 45 zikitaka 18 hadi 25. Katriji nyingi za zamani zina kiwiko cha kugeuza kati ya hizo mbili. Na uliza sindano ni yakuti au almasi kabla ya kulipa. Yakuti inalika baada ya saa 50 hivi, kisha inaanza kuchonga santuri. Almasi inakwenda saa mia kadhaa.

Ukiamua kuileta Tabora kwa treni, ndugu yangu, toa sahani na uifunge peke yake, funga mkono kwa uzi kwenye kishikio chake, weka sindano mfukoni. Zile skrubu mbili za juu ya bamba zitumie kuifunga mashine isicheze kwenye springi zake. Na ikifika, mtu wa kwanza kuiwasha aifungulie kwanza icheze tena kwenye springi.