Kafia mazoezini, ndo kafa vitani?

SWALI: Salaam aleikum mhariri. Juzi barazani kwetu hapa Ngamiani, Tanga, baada ya laasiri, kulizuka ubishi mpaka kahawa ikapoa. Jirani katuonyesha kwenye simu picha ya kaburi la kijana wa Kiingereza, rubani wa vita vya pili, kumbe kaanguka na ndege akiwa bado mwanafunzi, adui mwenyewe hata hajamuona. Mzee mmoja akasema huyo hajafa vitani, ni ajali tu kama ya bodaboda. Mi nikakataa, tukawekeana kahawa na kashata za wiki nzima. Hebu tuamulieni.
Msomaji, Tanga

JIBU: Waalaikum salaam. Mwambie mzee atoe hela. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola haiangalii askari kafaje, inaangalia alikuwa jeshini na kafa lini, kwa vita vya pili ni toka 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947, awe kapigwa risasi, kaugua au kaanguka akijifunza, wote wanahesabiwa.

Na hao wa mafunzo si wachache ati. Kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza, Bomber Command, kilipoteza watu 55,573, na zaidi ya 8,000 kati yao ni ajali tu, nyingi za mafunzoni. Kanada nako, vijana walikopelekwa ili wajifunze mbali na ndege za Wajerumani, wanafunzi mamia kadhaa walikufa.

Sababu? Ndege nyingi za mafunzo zilikuwa zishachoka, zimetolewa vitani, halafu usiku, mawingu, milima, na rubani mwenyewe mtoto wa miaka 19 au 20. Tena kuna hili: ukiinua pua ya ndege sana huku mwendo mdogo, mabawa yanaacha kuibeba, bawa moja linatangulia kushuka na ndege inaanza kuzunguka kama pia. Mwanafunzi akiona ardhi inamjia anavuta usukani kwake, yani binadamu yeyote angevuta, kumbe hapo ndo anajimaliza, inatakiwa ausukume mbele na akanyage pedali ya upande wa pili ili mzunguko ukatike. Juu kabisa unayo nafasi ya kukosea na kurekebisha, ila karibu na kiwanja unakotaka kutua, huna.

Kuhusu kashata, mchukulie mzee siku tatu tu, wiki nzima mtamuonea.