Pikapu ikipanda baridi inakula mafuta: yajue haya kabla tajiri hajakuuliza umemuuzia nani

Safari yangu ya kwanza kupeleka nazi bara ilikuwa mwezi wa saba, na niliporudi Malindi tajiri, mwenye pikapu, alinipokea na kalkuleta mkononi. Kilomita 1,400, lita 155, yaani kilomita 9 kwa lita, na pikapu ileile ikizunguka Mambrui, Gongoni na Watamu na mzigo wake inatoa 11. Lita 28 hazionekani. Hakunitaja mwizi lakini alinambia "mafuta umemuuzia nani?" mbele ya turniboi, na mimi sikuwa na jibu zaidi ya kusema huko juu kuna baridi. Akacheka. Baridi inakunywa dizeli, we kijana?

Inakunywa. Ila inakunywa kwa njia zake, na nyinyi mnaoingia sasa kwenye kazi hii ya kupanda na nazi na kushuka na viazi muzijue hizo njia mapema, manake siku ya hesabu utakuwa peke yako na tajiri, na "kuna baridi" si hesabu.

Anza na mafuta ya nazi. Hapa nyumbani chupa ya mafuta ya nazi ni maji matupu karibu mwaka mzima, labda asubuhi za kipupwe ndo unaona yameanza kufanya ukungu. Mimi nilimbebea mwenyeji wangu wa Njabini, kule Kinangop kwenye viazi, chupa moja, tunaamka alfajiri imekuwa nyeupe ngumu kama samli, wenyewe wakaniuliza mbona nimewaletea mafuta ya kupikia nikasema ni ya nywele. Yale yanaganda kwenye nyuzi kama 24, na simu yangu asubuhi ile ilikuwa inaonesha nyuzi 7. Sasa oili ya injini haigandi hivo lakini inakuwa nzito, injini badala ya kuzunguka kwenye mafuta inazunguka kwenye uji, na kila nguvu ya kukoroga huo uji inatoka kwenye tangi yako. Tena injini ina nafuu, inapata moto mapema. Oili ya giaboksi na difu (zile gia za ekseli ya nyuma) hazina moto wa kuzipasha isipokuwa msuguano wao wenyewe, hizo zitakwenda kilomita nyingi bado nzito. Halafu mafundi wetu wa pwani wanapenda kutia 20W-50 kwa ajili ya joto, na ile namba kabla ya W ndo inakwambia oili inakimbia vipi ikiwa baridi, ndogo ndo nyepesi, kwa hivyo kama kitabu cha gari yako kinaruhusu 15W-40 na wewe njia yako ni ya bara, tia hiyo.

La pili ni kuwaka kwenyewe. Dizeli haina plagi ya cheche, inashika kwa joto la hewa iliyobanwa, sasa vyuma vikiwa baridi vinalinyonya lile joto, mafuta yanachelewa kushika, mengine yanatoka kwenye egzosi hayakuungua sawasawa, ndo ule moshi mweupe wa alfajiri. Petroli nayo ikirushwa kwenye chuma baridi haigeuki mvuke vizuri, inabaki matone, kwa hivyo kompyuta ya gari inaongeza mafuta mpaka injini ipate moto. Wazee wetu walikuwa wakivuta choki kwa mkono, leo choki inavutwa na kompyuta na wewe huioni. Dizeli zenye kompyuta nazo ni hivohivo, yangu ikiwemo. Na kompyuta inajuaje kama injini ni baridi? Kuna sensa imezama kwenye maji ya injini. Ikiambiwa na ile sensa kwamba maji bado, itaendelea kumwaga. Shikeni hapo kwenye maji, ntarudi.

Wamarekani, idara yao ya kawi, wamelipima jambo hili: gari ya petroli kwenye mizunguko ya mjini, hali ya hewa ikitoka nyuzi 25 ikashuka mpaka 7 chini ya sifuri, umbali kwa lita unapungua kama asilimia 15, na zikiwa safari fupi za kilomita 5 au 6 inaweza kufika asilimia 24. Hiyo ya safari fupi ndo yetu hasa. Barabarani unakwenda saa nane mfululizo injini iko moto, lakini ukifika Kinangop kuchukua viazi unazunguka shamba hadi shamba, magunia matatu hapa, unazima, unangoja wapime, sita kule, unazima, chai kwa mwenye shamba, unawasha, na kila ukiwasha ni baridi upya. Siku mbili za hivo na matope yake, gia moja na mbili, zinaweza kukuharibia hesabu ya safari nzima.

Sasa maji. Hapa ndo nilipopatikana mimi, na naona wengi mtapatikana hapahapa.

Kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta (ile ya mbele inayopoza maji kwa upepo) kuna kidude kinaitwa thamostati. Ndani kina nta, nta ikipata moto inatanuka inafungua mlango, na kwenye pikapu nyingi utakuta kimeandikwa 82, manake kinaanza kufunguka maji yakifika nyuzi 82. Kabla ya hapo maji yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate moto haraka, rejeta haihusiki. Sasa hapa pwani gari ikichemka mara moja, fundi cha kwanza anachofanya ni kuking'oa. "Hii ni ya wazungu wenye baridi, hapa ya nini." Na gari inatulia kweli, au inaonekana imetulia, kwa sababu maji yanapita rejeta wakati wote. Kwa joto la Malindi, na foleni ya sokoni, na mwendo wetu mdogo, injini inafika kwenye moto wake kwa kuchelewa lakini inafika, na wewe hujui kama kuna kitu kimekosekana.

Ipandishe hiyo gari bara usiku wa mwezi wa saba sasa. Sisi tunatoka Malindi alasiri, tunakata Mavueni, Kaloleni, tunatokea Mariakani, Voi saa za isha, Mtito Andei, halafu kuanzia Emali mpaka mbuga za Athi ule upepo unaingia hadi kwenye mifupa. Gari inakimbia, upepo baridi unapiga rejeta, maji yanapita yote bila kizuizi, injini haifiki popote. Sindano ya temprecha nilikuwa naiona iko chini kabisa nikawa nafurahi, nikamwambia turniboi "ona, haichemki hata kidogo". Ujinga. Sensa ilikuwa inaiambia kompyuta gari ndo kwanza inaamka, njia nzima, kilomita mia sita na zaidi.

Dalili ya pili nilikuwa nayo mkononi nisiijue. Hita. Sisi watu wa pwani hita hatuijui, gari nyingi hozi za hita zimeshafungwa zamani kwa kipande cha mpira fundi akaona anakupunguzia kazi. Yangu ilikuwa nzima, nikaiwasha Limuru natetemeka, ikatoa upepo wa uvuguvugu kama wa mtu anakupulizia mchuzi. Hita inachukua moto kwenye maji yaleyale ya injini, kama umekimbia dakika 20 na hita haijapata moto basi injini pia haijapata moto, ni kipimo cha bure hicho.

Kipimo chengine kabla hujatoka nyumbani: asubuhi injini ikiwa baridi, washa, shika hozi ya chini ya rejeta (mkono uwe mbali na feni tafadhali, nshaona mtu ametolewa kucha). Inatakiwa ibaki baridi kwa muda, halafu ukingoja ndo ije kupata moto. Ukiona rejeta yote inapanda moto polepole tangu dakika za mwanzo, ujue ule mlango haupo au umekwama wazi. Na ukinunua thamostati, usiifunge tu kwa sababu ni mpya. Itie kwenye sufuria ya maji jikoni, itundike na uzi isiguse chini, iangalie: inatakiwa ianze kufunguka kabla maji hayajatokota. Mke wangu alinifukuza jikoni siku ile lakini niliiona kwa macho inafunguka, na ikipoa inafunga.

Na kama gari ilikuwa inachemka kweli? Basi tafuta ugonjwa, usiondoe dawa. Mara nyingi ni rejeta imeziba kwa sababu ya maji ya visima vyetu, yana chumvi, ukiyatia mwaka mzima yanajenga ukoko ndani kama wa birika. Au mfuniko wa rejeta umekufa haushiki presha. Kuna injini nyengine ukitoa thamostati ndo inachemka zaidi, kwa sababu kile kidude kikifunguka huwa kinaziba njia ya mkato, sasa ukikitoa maji ya moto yanarudi injini bila kupita rejeta. Fundi anayeng'oa bila kuuliza ni injini gani, mwambie akirudishe. Na feni iliyofungwa direkti ikazunguka wakati wote ni hadithi hiyohiyo, inapoza isipotakiwa na inakula nguvu bure.

Kuna mambo mtayasoma kwenye simu kuhusu baridi na pikapu ambayo si ya kwetu. Watawaambia upepo wa tairi unashuka, na kwao ni kweli, kila nyuzi 5 au 6 zikipungua unapoteza kama paundi moja. Lakini kwao baridi inawafuata nyumbani, mita za kwenda juu kutoka usawa wa bahari ni zilezile. Sisi baridi tunaifuata juu. Ukijaza 35 hapa Malindi kwenye nyuzi 32 ukafika Njabini alfajiri kwenye nyuzi 7, baridi inakutolea kama paundi 4, lakini uko mita kama 2,500 juu ya bahari, hewa ya nje inayolibana tairi imepungua, na geji inakurudishia karibu 4 zilezile. Mimi nilibisha mpaka nikapima mwenyewe. Kwa hivyo pima tairi zikiwa hazijakimbia, na usiongeze upepo eti kwa sababu unahisi baridi. Watawaambia pia hewa baridi ni nzito, pikapu ina uso mpana, inasukuma zaidi. Kweli kwa nchi zao, huko Kinangop hewa ni nyepesi kuliko ya hapa hata ikiwa baridi. Na petroli ya majira ya baridi wanayouziwa wenzetu, yenye nguvu kidogo chini ya ile ya kiangazi, kwetu hakuna.

Ila mlima msiusahau, tena msiuchanganye na baridi. Pikapu na mzigo tani 2.5 kuinyanyua mita 2,500 nimeipigia hesabu na kijana wangu wa sekondari, inakuja kama lita 5 za dizeli, hata ingekuwa joto la Malindi mpaka juu. Kushuka utarudishiwa kiasi kama huendeshi kwa breki. Na zile dizeli za zamani zisizo na tabo (ile ya kusukumia injini hewa), ukiona moshi mweusi huko juu hiyo ni hewa haba, si baridi. Mweupe alfajiri baridi, mweusi mlimani hewa.

Halafu kuna kosa ambalo lilikuwa langu mwenyewe, fundi hakuhusika. Usiku mbili Njabini nililala ndani ya gari nikaacha injini inanguruma nipate joto, masaa manne kila usiku. Dizeli kama ile ikinguruma imesimama inakunywa nusu lita mpaka lita nzima kwa saa, na kwa vile haifanyi kazi yoyote haipati moto vizuri hata huo unaoutaka. Na moshi ukiingia ndani umelala huamki. Beba blanketi, zito, si kanga mbili.

Asubuhi pia msingoje dakika 20 gari "ipate moto". Washa, nusu dakika au moja oili ipande, ondoka taratibu bila kukanyaga sana kilomita za mwanzo, ikitembea ndo inapata moto haraka. Na magunia ukiweza yakusanywe sehemu moja uende mara moja, mpigie dalali usiku.

Mimi baada ya ile kalkuleta nikanunua daftari. Najaza tangi mpaka juu kabla ya kutoka, naandika kilomita, kila nikijaza naandika tena, nafunga hesabu nikijaza Malindi, na pembeni naandika saa za kunguruma, mashamba mangapi, mvua au jua. Thamostati ikafungwa, blanketi likabebwa. Safari iliyofuata, mwezi wa nane, njia ileile na mzigo uleule, ikatoka 10.4. Ule upungufu uliobaki nikamfungulia tajiri kwenye daftari, huu mlima, huu matope.

Akasoma kimya, akageuza kurasa, hakusema habari ya kuuza mafuta. Akaniuliza tu, ile pikapu nyengine iliyoko Gede, ambayo dereva wake alikuwa ameshamfukuza mwaka wa nyuma kwa mambo hayahaya ya lita, kile kidude inacho? Tukaenda jioni ile ile tukafungua. Patupu.