Kabla hujakimbilia polisi kwa maneno ya mhadhara

Jioni ile nilikuwa nachambua mchicha nyuma ya nyumba, hapa Morogoro mjini. Kwenye spika za mhadhara wa Kiislamu kule uwanjani sauti ikasema Yesu si Mwana wa Mungu, kisha ikafungua Injili ya Yohana na kuisoma aya kwa aya ili kuthibitisha. Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa. Niliuacha mchicha kwenye ungo, nikajifunga kanga, nikawapitia akina mama wawili wa jumuiya yetu, tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Tulitaka atuandikie barua ya kwenda polisi.

Mzee yule, naye Mkristo, alituacha tuseme mpaka tukaishiwa. Kisha akaniuliza: "Mama, amekutukana wewe, au amesema anachokiamini?" Nikanyamaza. Akaongeza: "Na Jumapili spika ya kwenu inapotangaza kwamba hakuna wokovu nje ya Yesu, yule jirani yako anayekaanga maandazi karibu na ukuta wa kanisa, naye aje hapa?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani na hasira yangu, lakini swali lile ndilo lililonifanya nitafute nakala ya Katiba na kuisoma mwenyewe. Ibara ya 18 inalinda uhuru wa kutoa maoni. Ibara ya 19 inalinda dini, na ndani yake kutangaza na kueneza dini kumewekwa bega kwa bega na kufanya ibada. Wengi tunadhani uhuru wa dini ni kuachwa usali kwa amani, basi. Lakini utaenezaje dini bila kugusa ya mwenzako? Shahada ya Muislamu na Imani ya Mitume ninayoikiri kila Jumapili zinapingana, na wote wawili tunayasema hayo kwa sauti.

Baadaye nilijifunza kwamba jambo kama langu lilishafika hadi Mahakama ya Rufani, tena lilianzia mkoa huuhuu. Muhubiri wa Kiislamu, Hamisi Rajabu Dibagula, alishtakiwa kwa kusema hadharani kwamba Yesu si Mwana wa Mungu. Mahakama ya wilaya ikamtia hatiani chini ya kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu na kumpa miezi 18 jela. Mahakama Kuu haikuifuta hatia hiyo. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Barnabas Samatta, iliifuta. Kifungu kile kinataka nia ya makusudi ya kuumiza hisia za kidini za mtu. Kwamba msikilizaji kaumia, hilo peke yake halitoshi. Nilipoelewa hapo nilishusha pumzi, maana mimi nilikuwa na maumivu tu. Nia ya yule muhubiri sikuwa nimeiuliza hata kidogo.

Kwa hiyo ukiguswa kama nilivyoguswa, andika kwanza maneno yenyewe kama yalivyosemwa, na yaliyotangulia, na yaliyofuata. Usitegemee kipande cha video cha nusu dakika kilichozunguka WhatsApp. Nimeona watu wazima wakitaka kupigana kwa kipande kilichokatwa katikati ya sentensi. Halafu pima: amesema fundisho lenu si kweli, au amewavua watu utu? Kusema Utatu haumo katika Biblia ni hoja, ijibu. Kuwaita waumini wanyama, kuwatukania mama zao, kuhimiza wapigwe, hapo sitakuzuia kwenda polisi. Kifungu cha 129 bado kipo, hukumu ile haikukiondoa. Ibara ya 30 nayo inasema uhuru wa mmoja usivunje haki za wengine. Na mtandaoni ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayomgusa anayemtukana mtu kwa sababu ya dini yake.

Kelele ni jambo jingine kabisa, na nakusihi usizichanganye. Kama kinachokukera ni spika kulia hadi saa tano usiku, lalamikia spika. Ukisema "wanakashifu dini" wakati shida yako ni usingizi, unampeleka mtu kwenye kesi ya jinai kwa sababu ya sauti. Na anayepanga mkutano asiuweke mlangoni pa watu walio ibadani: kuvuruga ibada ni kosa lenye kifungu chake, cha 126.

Nawe unayehubiri, wa upande wowote, sema "sisi tunaamini". Ukisoma kitabu cha mwenzako, kisome kama ambavyo ungependa chako kisomwe, aya nzima. Nimesikia wahubiri wetu wakiisoma Kurani kwa kubeza matamshi yake makusudi, na niliona aibu kuliko siku ile ya mchicha. Nilimfuata mmoja baada ya ibada nikamwambia hivyo. Hakupenda, ila alinisikiliza.

Barua ya polisi haikuandikwa. Tuliandika nyingine, kuhusu saa za spika, za mhadhara na za kwetu pia, na mwenye maandazi alikuwa wa kwanza kutia sahihi.