Kabla hujaiamini kompyuta ya kupima umbo la mbegu, iangalie slaidi yako

Tulipoletewa ile programu ya kupima umbo la mbegu za kiume mi nilifurahi kweli, maana kukaa na maikroskopu unahesabu mbegu 200 moja moja, kichwa, shingo, mkia, macho yanauma na foleni benchi haipungui, jamani si mchezo. Sasa kompyuta inapiga picha, inazungushia kila kichwa mstari, inakupa urefu na upana, kazi imeisha.

Siku moja ikatoa sifuri. Yaani hakuna hata mbegu moja nzuri! Nishaanza kuprinti majibu, roho ikasita, nikarudi kwenye zile picha, mbona vichwa vinene hivi, kumbe smia, yaani yale manii ninayopaka kwenye kioo, nilipaka nzito, mbegu zimelaliana, mbili zimegusana programu imezisoma kichwa kimoja, na pembeni kuna tone la rangi lililoganda nalo limeitwa mbegu isiyo na mkia. Nikapaka slaidi nyingine, tone dogo la mikrolita 10, nikaiacha ikauke yenyewe, ikatoka asilimia 5 ya mbegu zenye umbo zuri.

Kwa hiyo we unayeanza, jua kichwa cha mbegu ni kama mikroni 4 tu kwa urefu na karibu 3 kwa upana, kikivimba au kikisinyaa kidogo kwenye rangi basi hesabu yote imeharibika. Rangi za kupakia slaidi ziko aina aina, usitumie Diff-Quik leo, kesho Papanicolaou, halafu setingi za programu ukaziacha vilevile, vichwa havitoki saizi moja. Na picha zifungue zote, takataka futa mwenyewe kwa mkono, mi nafanya hivyo hata siku ya foleni na wenzangu wananiona mzito.

Nanyi mnaopimwa, mkiwa mmeumwa homa kali miezi miwili mitatu nyuma semeni, mbegu inatengenezwa kwa siku 70 na kitu, homa ya wakati ule inaweza kuonekana kwenye majibu ya leo. Halafu ile asilimia 4 ya mbegu zenye umbo zuri mnayoiona kwenye majibu, ya WHO, Shirika la Afya Duniani, ni mpaka wa chini uliotokana na wanaume waliopata watoto, nao mbegu zao nyingi zina kasoro. Kuna kaka alichukua karatasi yake, namsikia koridoni anampigia mkewe, "eti nimebakiwa na mbegu nne." Ikabidi nimrudishe ndani nimwonyeshe skrini ilivyojaa.